Mchukuzi na Mzigo Wake

Nina swali ambalo pengine mtaliona dogo. Mtu achukuaye mzigo wa mwenziwe, je, ana fungu katika mzigo ule, au haki yake yote hukoma kwenye ujira?

Swali hili lilinijia nilipokuwa nikisoma habari za Beckton, mashariki ya London, ambako tangu mwaka 1870 palikuwa na kiwanda kikubwa cha gesi. Makaa ya mawe yaliletwa kwa meli katika mto Thames, kisha magari madogo ya moshi yakayavuta kutoka gatini mpaka majikoni. Magari hayo hayakuwa ya safari. Kazi yake ilikuwa ndani ya ua wa kiwanda, kwenda na kurudi, mchana na usiku. Makaa yakaokwa katika majiko yaliyozibwa yasipate hewa, yakatoa gesi, nayo gesi ikapita katika mabomba hata nyumbani mwa watu, ikawasha taa zao. Wachochezi wa majiko yale walifanya kazi saa 12 kwa zamu. Mwaka 1889 mmoja wao, Will Thorne, akawakusanya katika chama, wakapunguziwa hata saa 8. Angalieni neno hili: hawakudai gesi. Walidai saa za kulala.

Kwetu pwani jambo hili lina historia chungu zaidi. Katika karne ya 19 misafara ilishuka kutoka Nyasa mpaka Kilwa Kivinje, na mara nyingi aliyejitwika pembe ya ndovu alikuwa yeye mwenyewe bidhaa. Alipoitua pembe, akauzwa. Huyo hakuwa na fungu wala ujira.

Baadaye likaja gari la moshi. Mwaka 1949 lilianza kwenda kutoka Mkwaya, penye hori ya Lindi, mpaka Nachingwea, kwa ajili ya karanga ambazo Waingereza walitumaini kuzilima kwa trekta katika mapori makubwa. Wenyeji walifyeka, wakatandika reli, wakapakua shehena, wakalipwa. Karanga hazikustawi, na mwaka 1951 shauri lile likaachwa. Reli ilifikishwa Mtwara mwaka 1954, penye bandari mpya, lakini mzigo wa kuishibisha haukupatikana; haikutimiza miaka 15 tangu safari ya kwanza, ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Aliyejenga duka karibu na stesheni alibaki na duka lake.

Na sasa bomba. Gesi ya Songo Songo, katika bahari ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 200, kuzalisha umeme. Hapa hapana makaa, hapana mchochezi, wala mpagazi. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipokataa gesi ya kwao isipelekwe Dar es Salaam, ghasia zikatokea na watu wakafa. Wengi waliwalaumu kwa uchoyo, maana taa za gesi zilikwisha kuwaka Mtwara kabla ya hapo. Lakini kilio chao hakikuwa cha taa tu. Walitaka viwanda na kazi.

Mimi sisemi kwamba gesi ni mali ya aliyezaliwa juu yake. Hakuna babu yetu aliyeiweka chini ya bahari, na mgonjwa wa Lindi akizidiwa hupelekwa Muhimbili, akapasuliwa chini ya taa za Dar es Salaam. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali. Ila naona wanaoishia hapo wamesahau jambo moja. Zamani tuliweza kumwambia mchukuzi, "Umelipwa, nenda zako," kwa kuwa alikuwa na mabega ya kukodisha. Bomba halikodi bega la mtu. Ujira ukiondoka, na fungu likakataliwa, yule ambaye mzigo wapita mlangoni pake amebakiwa na nini?

Mwanafunzi mmoja kutoka Somanga, mahali bomba litokapo baharini, aliniuliza darasani: "Mwalimu, gesi ikiisha, bomba nalo litang'olewa kama reli ya Nachingwea?" Nikamwambia aketi, nifikiri kwanza. Kengele ikalia kabla sijamjibu, na kesho yake aliuliza tena.