Msamaha wa Puti

Hapa Bagamoyo, Tukuyu, ndugu wawili wakigombania mpaka wa migomba, wazee wa kanisa huwakalisha, huomba nao, huwapeanisha mikono, kisha hutangaza: "Yameisha." Mimi ni Mmoravian na ni fundi wa boti za faiba. Kama Mkristo naitikia amina. Kama fundi nabaki na swali: je, msamaha hurudisha mambo yalivyokuwa?

Kazi zangu nyingi ziko bondeni, Kyela na Matema, kwenye boti za Ziwa Nyasa. Nikionyeshwa ufa, gundi inakaa kwanza kwenye kopo. Nagonga ubavu kwa ukingo wa sarafu, kuanzia palipo pazima kuelekea kwenye ufa. Pazima panatoa mlio mkavu; matabaka yalipoachana, mlio unafifia. Nazungushia penseli, na mara nyingi mchoro unauzidi ufa kwa mbali. Halafu nasoma umbo lake. Nyufa zinazotawanyika kutoka nukta moja ni za kugonga jiwe. Zinazokwenda sambamba kando ya taruma zinasema boti inapinda hapo kila wimbi linapopiga. Hizo, ukiziziba bila kuimarisha ubavu, zitarudi.

Mwenye boti mmoja alinisihi: "Mzee wangu, paka puti tu. Samaki wa usipa wapo ziwani, vijana wananisubiri." Nilimwelewa, njaa haina subira. Lakini puti hufunika tu, haibebi mzigo. Nabii Yeremia aliwakemea makuhani wa Yerusalemu kwa jambo hilohilo: kutibu jeraha la watu juujuu na kutangaza amani isiyokuwapo.

Matengenezo ya kweli huanza kwa kubomoa. Naingiza grenda mpaka nyuzi zote zilizopauka ziishe, kisha nalaza kingo kwa mteremko wa mara 12 ya unene: ukuta wa milimita 5 unataka milimita 60 kila upande. Hapo mwenye boti hushika kichwa, maana ufa wa kidole sasa ni shimo. Namweleza kwamba faiba iliyokwisha kukauka haiyeyuki tena ikachanganyika na gundi mpya. Kiraka hakitakuwa mwili mmoja na boti. Kinashika kwa sababu pamekwanguliwa, pamefutwa kwa asetoni, pamekauka, na eneo la kushikana ni pana.

Ndivyo ninavyouelewa msamaha. Lililotendeka limekwisha kukauka. Hakuna sala inayoliyeyusha. Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Injili, alilijua hilo: hakuishia kuomba radhi, aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Huo ndio mteremko wake.

Mchungaji ataniambia neema ni bure. Ni bure kweli, kwa Mungu. Lakini Yesu huyohuyo, katika Mathayo 5, anamtaka mwenye sadaka aiache madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake. Neema haikumfutia safari hiyo.

Wala safari hiyo haiharakishwi. Kwenye joto la Kyela gundi hukaza upesi. Huku kwetu, kwa baridi na mvua, hujivuta. Fundi asiye na subira huzidisha dawa ya kugandisha, gundi ikachemka na kupasuka yenyewe. Nimewaona wazee wakimbana mjane aseme "nimesamehe" siku ileile, na mwaka uliofuata shauri likarudi barazani, kali zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kupeana mikono, ningependa wazee waulize: nani alisogeza mpaka? Mikungu aliyokata upande wa mwenzake atairudisha vipi? Na je, chanzo si baba yao, aliyefariki bila kuwagawia shamba? Maswali haya yatauma na kikao kitakuwa kirefu. Ndugu wasiahidiwe kwamba watarudi kuwa walivyokuwa utotoni. Waelezwe kwamba wanaweza kushikana upya, kila mmoja akikubali kukwanguliwa. Asiyekubali hajawa tayari kusamehewa, hata kama ameshikwa mkono mbele ya kanisa zima.