Kibanda cha Nyasi, Mapenzi ya London

Mtunzi wa riwaya za mapenzi tunayemkumbuka asubuhi hii hakuandika zote mezani, karibu na maktaba. Mwaka 1927, Georgette Heyer wa Uingereza alimfuata mumewe, mhandisi wa madini, hadi Tanganyika. Waliishi porini, katika kibanda cha nyasi. Hakuwa na vitabu vyake vyote vya marejeo; vingine vilibaki mbali, ng'ambo ya bahari. Humo kibandani akatunga The Masqueraders, iliyotoka mwaka 1928: kisa cha London ya karne ya 18, kaka na dada wakibadilishana mavazi, na mapenzi yakiwanasa humo humo katika kujificha. Ajabu ya kumbukumbu!

Alianzia kwa msikilizaji mmoja.

Akiwa na miaka 17 alimsimulia mdogo wake Boris, aliyekuwa mgonjwa, hadithi ya kumchangamsha. Simulizi hiyo ikawa The Black Moth, kitabu chake cha kwanza, mwaka 1921. Pengine ndiyo maana riwaya zake husikika kama mtu anayekusimulia kando ya kitanda.

Mwaka 1926, riwaya yake These Old Shades ilitoka wakati wa mgomo mkuu wa wafanyakazi Uingereza. Magazeti hayakuitangaza, lakini nakala 190,000 zikanunuliwa. Tangu hapo Heyer hakuona haja ya kujitangaza, akawakatalia waandishi wa habari mahojiano. Muda wake aliupeleka kwenye daftari, akichora kofia na magari ya farasi, akiandika misemo ya mitaani ya zama alizozipenda.