Nilisema "Inafanya Kazi"

Wenzangu tunaosoma kompyuta huulizana kama ni halali kuchukua vipande vifupi vya JavaScript vilivyoandikwa na wengine na kuvitia katika kazi ya kulipwa. Jibu ni jepesi: mwenyewe akitoa ruhusa, chukua na utimize sharti lake. Leseni ya MIT, kwa mfano, inataka jina la mwenye haki na maneno ya leseni yabaki pamoja na msimbo, basi. Lakini swali zito haliko hapo. Nililijua kwa aibu.

Nakaa Arua Hill. Mwaka jana Hajji mmoja mwenye duka Koboko alinipa shilingi 60,000 nimtengenezee ukurasa wa madeni ya wateja, mwenye deni kubwa awe juu. Nilikuwa na kipande changu cha siku zote, nilichookota zamani kwa kupanga majina. Nikafuta "jina", nikaweka "deni":

orodha.sort((a, b) => a.deni < b.deni ? 1 : -1)

Nikajaribu 20000, 50000 na 80000. Yakajipanga. Nikamwambia, "Hajji, inafanya kazi."

Kumbe kila kinachojazwa kwenye fomu ya wavuti hufika kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na maandishi hulinganishwa herufi moja moja kutoka kushoto, kama kamusi inavyopanga maneno. Basi 9000 ikakaa juu ya 120000, kwa kuwa 9 inaishinda 1. Mifano yangu yote ilikuwa na tarakimu tano. Ndiyo maana haikunisuta.

Mama mmoja mjane aliyedaiwa 9,000 akaonekana wa kwanza. Kijana wa dukani, aliyeagizwa asiwakopeshe watatu wa juu, akamnyima sukari mbele ya watu.

Nimlaumu nani? Aliyeandika kile kipande alipanga majina, na majina yalipangika. Kijana alisoma alichoonyeshwa. Na Hajji alinilipa kwa ajili ya nini? Si mstari ule; ule ni wa bure. Alinunua kauli yangu. "Inafanya kazi" ni ushahidi, nami nilishuhudia nisichokijua.

Siko peke yangu. Machi 2016 Azer Koçulu aliondoa left-pad, mistari 11 tu ya kujazia nafasi mbele ya maandishi, kutoka npm, ghala la vipande vya JavaScript. Kazi nyingi duniani zikakwama mpaka iliporudishwa baada ya saa chache, na wengi walioitegemea hawakujua hata kwamba wanayo. Wingi wetu hauniondolei langu.

Mtasema hakuna awezaye kuelewa kila kitu, mpaka ndani ya kompyuta yenyewe. Kweli, wala sidai hivyo. Lakini mstari mmoja ningeumaliza kabla chai haijapoa.

Sasa pameandikwa Number(b.deni) - Number(a.deni). Nilimpelekea Hajji nusu ya ujira, akaisukuma pembeni.

"Mwanangu, mimi nirudishie mteja."

Tukaenda wote wawili kwa yule mama. Alitusikiliza, akatusamehe. Sukari ananunua duka jingine.