Hodi ya Mfanyabiashara

Mtu aliyelelewa vema katika pwani yetu hufundishwa mapema kwamba hodi hupigwa mara tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka bila kinyongo, wala hachungulii dirishani. Adabu hii ni fupi kwa maneno lakini ndefu kwa maana: nyumba ina mwenyewe, na kimya chake ni jibu.

Zama zetu zimezua mlango mwingine, nao ni sanduku la barua pepe. Tarehe 3 Mei 1978, huko Marekani, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alipeleka tangazo moja la kompyuta kwa watu wapatao 400 kwa pamoja. Wapokeaji walilalamika, yeye alisema lilimletea wanunuzi. Tangu hapo faida ya mpelekaji na udhia wa mpokeaji hazijaachana.

Basi mfanyabiashara ana haki ya kubisha mara ngapi? Wako wasemao mara moja kwa juma, wako wasemao mara moja kwa mwezi. Mimi naona idadi peke yake si kipimo. Muuza maziwa hupita kila asubuhi na hapana amchukiaye, kwa sababu maziwa hunywewa kila siku. Seremala wa vitanda akipita kila asubuhi atadhaniwa ana wazimu, maana kitanda kimoja hulaliwa miaka mingi. Haja ya mnunuzi ndiyo itoayo kipimo, si tamaa ya muuzaji.

Mfanyabiashara atajibu kwamba mteja alimpa anwani kwa hiari, na akichoka ajiondoe. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inaelekea upande huo: haidai idhini kwanza, bali humtaka mpelekaji aache ndani ya siku 10 za kazi baada ya kukatazwa. Lakini sheria huonyesha mahali adhabu ianziapo, haionyeshi mahali adabu iishiapo. Ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kuhamia.

Nilipata kununua kamusi katika duka moja. Tangu siku ile duka likaniandikia kila siku, pengine mara mbili. Asubuhi moja nilifuta barua zake kwa mkupuo, na pamoja nazo nikafuta barua ya mwanafunzi aliyeniomba nimwandikie ushuhuda apate nafasi ya masomo. Siku ya mwisho ikapita. Mkono uliofuta ulikuwa wangu, wala simtafuti wa kumtwika kosa langu. Walakini nilijifunza kwamba barua isiyomgharimu mwandishi si ya bure. Gharama yake hulipwa na msomaji, na mara nyingine na mtu wa tatu asiyelijua hata jina la duka.

Kwa hiyo naona wajibu wa muuzaji ni huu: amwulize mnunuzi tangu mwanzo angependa kuandikiwa mara ngapi, na aitimize ahadi hiyo. Programu za siku hizi humwonyesha, walau kwa kukisia, kama barua zake zinafunguliwa. Zisipofunguliwa, apunguze; zikiendelea kulala, aulize mara moja kama bado anatakiwa; asipojibiwa, aondoke. Atapoteza wasomaji wengi ambao kwa kweli hakuwa nao. Watakaobaki watafungua mlango wakisikia sauti yake.