Ufunguo Mfukoni mwa Nani?

Kiwanda cha chai cha Mponde, katika milima ya Usambara, kilisimama kazi mwaka 2013, kikakaa kimya kwa miaka kadhaa. Ukimya wa mashine una hila yake. Aliyezoea kuiona imelala husahau kuwa ina meno. Fundi atiaye mkono ndani ya mashine ya chai kuisafisha hutegemea kitu kimoja: swichi iliyo ukutani, nyuma ya mgongo wake. Hapo huzuka swali la zamani kuliko umeme: maisha ya mtu yawekwe juu ya wema wa wenzake, au juu ya kufuli?

Swali hilo huonekana wazi zaidi katika kazi ya roketi. Waundao roketi ndogo zenye nguvu hutia ndani yake betri, kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa, na baruti kidogo. Kifaa kikitambua kwamba roketi imefika kileleni, huwasha baruti, na mwavuli hutoka. Lakini upepo wa ghafula waweza kukihadaa kifaa hicho, kikalipua baruti mikononi mwa mwenyewe. Kwa hiyo swichi hukata umeme mpaka roketi imesimama wima mahali pa kurushwa, watu wamekwisha kujitenga, na mmoja amebaki kuiwasha kwa nje.

Swichi njema ina sifa mbili zionekanazo kupingana: ni rahisi kuwashwa na mkono unaokusudia, nayo ni ngumu kugeuzwa na mtikisiko. Swichi ya kuteleza iliyowekwa kufuata mwendo wa roketi yaweza kujizima kwa kishindo cha kuondoka. Mwavuli hautatoka, na roketi itarudi ardhini kama mkuki. Basi usalama si kuzuia tu; ni kuzuia kwa wakati wake na kuachilia kwa wakati wake.

Afrika Mashariki inaijua kazi hii. Karibu na Malindi, tangu mwaka 1967 hadi 1988, roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini. Waongozaji walikaa juu ya jukwaa jingine, maji yakiwa kati yao na moto. Huko Alcântara, Brazil, tarehe 22 Agosti 2003, injini moja ya roketi iliwaka bila kuamrishwa, siku chache kabla ya kurushwa, mafundi wakiwa kazini. Watu 21 walikufa. Moto haukuuliza nani alikuwa mwema.

Wako wasemao kwamba kufuli ni tusi: amwaminiye mwenzake hafungi mlango. Neno hilo ni tamu, lakini halikupima vema. Kufuli halishitaki moyo wa mtu. Hushitaki uchovu wake. Mwema huchoka, mwema husahau, mwema huitwa upesi akaacha kazi nusu. Kumwachia mwenzako uwezo wa kukuua kwa kusahau si kumheshimu. Ni kumtwisha mzigo ambao hakuuomba.

Wengine husema kwamba aliye na kufuli huacha kuwa macho. Hofu hii ina haki yake, kwa maana kufuli halijifungi lenyewe. Yupo lazima mtu wa kulifunga siku ambayo majani yamerundikana, msimamizi ana haraka, na kazi yenyewe ni ya dakika mbili. Kufunga siku hiyo ndiyo tabia njema. Kwa hiyo wema na kufuli si washindani. Kufuli ni wema uliotendwa mapema, kabla ya saa ambayo akili hushindwa.

Limebaki jambo la ufunguo. Haki haiuweki katika mkono wa mkubwa kwa sababu ya ukubwa wake, wala wa mjuzi kwa sababu ya ujuzi wake. Huuweka katika mfuko wa yule ambaye mkono wake uko ndani ya mashine.