Mama Anyonyeshaye na Kileo: Jawabu kwa Muulizaji wa Kericho

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu kwa tone la maji, akamwekea riziki yake kifuani mwa mamake kabla hajajua kuiomba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, darsa yetu imepata swali kutoka kwa dada yetu aliyeko Kericho, katika mashamba ya chai. Ameolewa huko, ana mtoto wa miezi minne, na kazi yake ni kuchuma chai. Kwa baridi ya asubuhi na kwa ushirika wa majirani alizoea kunywa busaa, na mara nyingine chang'aa. Jirani mmoja alimwambia kwamba akiyakamua maziwa ya kwanza akayamwaga, yanayofuata huwa safi. Kisha mtu mwingine, ajionaye kuwa ana ilimu, akamwambia kwamba maziwa yake yamekwisha najisika, asimnyonyeshe mtoto kwa siku 40. Dada huyu akaogopa, akamwachisha. Mtoto akapewa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe, akaharisha, akakonda. Sasa anauliza afuate neno la nani.

Twamjibu kwamba asifuate la yeyote katika hao wawili. Wa kwanza amempa udhuru wa uwongo, na wa pili amemdhulumu mtoto kwa jina la dini. Na huyu wa pili ndiye mwenye makosa makubwa zaidi.

Msomaji wa Mombasa au Lamu huenda akajiuliza, yatuhusu nini mambo ya Kericho? Yatuhusu, kwa kuwa hapana nyumba ya pwani isiyotia chai mekoni alfajiri, na sehemu kubwa ya majani hayo hutoka Kericho na jirani yake Bomet, katika vilima virefu ambako mvua hunyesha takriban mwaka mzima. Mvua ile ile iustawishayo mchai ndiyo inayomlowesha mchumaji tangu asubuhi. Na Waislamu wako huko: Wanubi ambao babu zao walikuja kwa uaskari, Wasomali, Wahindi, na Wakipsigis waliosilimu. Ni wachache, na mwalimu wa kumwuliza si kila mahali hupatikana. Ndiyo sababu mtu mmoja mwenye ilimu nusu aweza kufanya madhara makubwa.

Kuhusu uharamu wa kileo hatutarefusha maneno. Aya za Suratul Baqara 219, Nisaa 43 na Maida 90 zajulikana na kila mtoto wa chuo. Lakini hoja ya baridi yataka jawabu, kwa sababu si hoja mpya. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Daylam al-Himyari alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa wao wakaa nchi ya baridi, wafanya kazi nzito, na hutengeneza kinywaji cha ngano kuwatia nguvu za kazi na kuikabili baridi. Mtume hakumwuliza baridi ni kali kiasi gani. Alimwuliza kama kinalevya. Aliposema ndiyo, akamwamrisha wakiepuke. Basi weka busaa ya mahindi na wimbi mahali pa ngano ile, na Kericho mahali pa nchi ile, swali limekwisha jibiwa. Na matabibu wathibitisha kwamba joto alionalo mnywaji ni la ngozi tu: kileo hupanua mishipa iliyo karibu na ngozi, na joto la ndani hutoka nje kwa haraka.

Sasa tuje kwenye maziwa yenyewe. Mama akinywa, kileo huingia katika damu yake, na kutoka katika damu huingia katika maziwa kwa kadiri inayokaribiana na ile iliyomo katika damu. Damu inapopungukiwa na kileo, maziwa nayo hupungukiwa. Hapana njia nyingine. Mwenye kisima kilichoingiliwa na maji ya chumvi hawezi kukifanya kitamu kwa kuchota ndoo mbili za juu na kuzimwaga, maana kitakachojaa tena ni kile kile kilichomo chini. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwenye kukamua na kumwaga: amepunguza uzito wa kifua, lakini hakukiondoa kileo hata dakika moja kabla ya wakati wake. Matabibu wakadiria saa mbili hadi tatu kwa kipimo kimoja kidogo cha pombe, na kila kipimo huongeza saa zake juu ya hizo. Hesabu hiyo ni ya vinywaji vyenye kipimo. Chang'aa ina kipimo gani? Anayeiuza mwenyewe hakijui. Sheria ya mwaka 2010 iliiruhusu nchini Kenya kwa masharti ya leseni na chupa, lakini ile ipikwayo kando ya mto haina leseni wala chupa; na watu wa Nairobi hawajasahau mwezi wa Novemba 2000, pombe ya aina hiyo iliyotiwa spiriti ya sumu ilipowaua watu zaidi ya 100.

Wapo pia wanaodai kuwa pombe ya nafaka huongeza maziwa. Mambo ni kinyume. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Philadelphia, Marekani, Julie Mennella na Gary Beauchamp, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili, wakaonyesha kwamba watoto hupata maziwa machache zaidi baada ya mama zao kunywa. Kileo huzuia maziwa yasishuke vyema. Na ini la mtoto mchanga ni changa kama yeye, halina nguvu ya kukiondoa kile ambacho la mamake hukiondoa.

Tena kuna khatari ambayo dada yetu hakuiuliza, nayo ni kubwa kuliko hizo. Katika nyumba za chumba kimoja, mama na mtoto hulala kitanda kimoja. Mama asiyelewa huwa na hisi hata usingizini. Aliyelewa hana hisi hiyo, na mtoto hubanwa akakosa pumzi. Mafakihi wetu wamemtaja mtu anayemgeukia mwingine usingizini akamwua, wakamhisabu katika hukumu ya kuua kwa makosa, ambayo kafara yake imetajwa katika Suratun Nisaa aya 92. Siku ambayo mama amekunywa, mtoto na alazwe mbali naye, kwa babake au kwa jirani asiyekunywa.

Ama yule wa siku 40, tunadhani tunajua alikolitoa neno lake. Imepokewa hadithi kwamba mwenye kunywa mvinyo hakubaliwi Sala yake siku 40. Maulamaa wameeleza kwamba maana yake ni kukosa thawabu. Faradhi yenyewe bado imo shingoni mwake, lazima asali. Huyu bwana ameichukua hadithi ya Sala akaitia katika maziwa, jambo ambalo hatukulikuta kwa imamu yeyote. Katika madhehebu yetu ya Shafi maziwa ya mwanamke ni tohara, na dhambi ya mama haiyageuzi kuwa najisi. Madhara ya kileo yaliyomo kwa saa kadhaa ni jambo jingine, na dawa yake ni kungoja saa hizo, si siku 40.

Na ataka dalili iliyo wazi kuliko hii? Katika Sahihi Muslim imo khabari ya mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekiri zina mbele ya Mtume (S.A.W.), naye ana mimba. Mtume alimrudisha mpaka azae. Alipozaa akamrudisha tena mpaka amnyonyeshe mtoto na kumwachisha, hata akaja naye mtoto ameshika kipande cha mkate mkononi. Hukumu ya Mwenyezi Mungu ilicheleweshwa kwa ajili ya haki ya mtoto ya kunyonya. Ikiwa dhambi ya zina haikumnyima mtoto maziwa ya mamake, itamnyima kikombe cha busaa? Tena maulamaa wa Shafi wamemwajibisha mama kumpa mtoto maziwa ya kwanza ya manjano, kwa kuwa mtoto kwa kawaida haishi vyema bila hayo. Baadhi ya bibi zetu hapa pwani walikuwa wakiyamwaga wakidhani ni machafu. Basi ujinga si wa Kericho peke yake.

Lakini haitoshi kumwambia mwanamke anyonyeshe, kisha tukanyamaza juu ya kinachomzuia. Sayyidna Umar alikuwa akiwapa posho watoto walioachishwa ziwa tu. Usiku mmoja, yeye na Abdurrahman bin Auf wakiulinda msafara uliofika Madina, alimsikia mtoto akilia. Akamwendea mama akamwusia amtazame mwanawe. Akamsikia mara ya pili, na ya tatu, akamlaumu. Mama, asimjue ni nani, akamweleza kwamba anamwachisha kwa nguvu kwa sababu Umar hampi posho ila aliyeachishwa. Umar aliisalisha Alfajiri watu wasiweze kuyasikia vyema masomo yake kwa kilio, kisha akaamuru kila mtoto wa Kiislamu apewe posho tangu azaliwapo. Khabari hii ameipokea Ibn Saad. Tazameni: mama alilaumiwa kwa kuachisha, na sababu ya kuachisha ilikuwa ni kanuni ya mkubwa.

Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Kila dakika aliyokaa kumnyonyesha mwanawe ni majani ambayo hakuyachuma. Likizo yake ya uzazi kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ni miezi mitatu, na matabibu wataka mtoto asipewe kitu ila maziwa ya mamake miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula hadi miaka miwili, nayo ndiyo miaka miwili kamili iliyotajwa katika Suratul Baqara aya 233. Miezi mitatu iliyobaki kabla ya kutimia sita, mtoto ataishi kwa nini? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewaamrisha waajiri waweke mahali pa kunyonyeshea na kukamulia, na wampe mama muda usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Ni haki yake. Aidai kwa adabu, na Waislamu wenye sauti huko wamsaidie kuidai. Kuijua sheria na kuinyamazia ni mfano wa kuwa na kisima na kufa kwa kiu.

Basi dada yetu, kukamua kunakofaa ni huku. Osha mikono kwa sabuni. Kamua kabla ya kwenda shambani, na saa ya mapumziko, katika chombo kilichochemshwa chenye kifuniko. Mahali pa kivuli na baridi maziwa hayo hukaa saa nne bila shaka. Mlezi ampe mtoto kwa kikombe safi, si kwa chupa, maana chupa ni ngumu kuisafisha. Maziwa yako yakiwa yamepungua kwa siku ulizoacha, usikate tamaa: mweke mtoto kifuani mara kwa mara, mchana na usiku, nayo hurudi. Busaa iache leo, utubie. Ukishindwa siku moja ukateleza, usimnyonyeshe mpaka ulevi ukutoke na saa zake zipite, umpe yale uliyoyakamua kabla, kisha urudi kwenye toba na kwenye kunyonyesha pia. Mumeo naye, ikiwa ndiye anayeileta nyumbani, ajue kwamba katika watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya mvinyo yumo anayeichukua.

Limebaki jambo moja. Twasikia kwamba kina mama wa mashamba hayo husaidiana, huyu akamnyonyesha mtoto wa yule anayechelewa kurudi, au akampa maziwa aliyoyakamua. Ni wema, lakini una hukumu zake. Mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya mara tano kwa mwanamke, huwa mwanawe wa kunyonya, na watoto wa mwanamke huyo huwa ndugu zake asioweza kuwaoa. Na maziwa yaliyonyweka kwa kikombe yana hukumu ile ile. Basi kila mama awe na daftari, aandike jina la mtoto, jina la mamake, tarehe na hisabu ya mara, na nakala ampe imamu wa msikiti wa Kericho aiweke. Wallahu aalam.