Jina la Tatu
Somo: Matendo ya Mitume 6:1–6

Leo nataka kutubu kwanza, kisha ndipo nifundishe.

Mwaka jana kijana mmoja alikuja kuuliza chumba kwenye ploti yangu. Alikuwa na kazi, na pesa ya dipoziti alikuwa nayo. Nikaomba kitambulisho. Niliposoma jina la tatu nikamwambia, "Pole, kilichukuliwa jana." Uongo. Chumba kilikaa wazi wiki tatu. Jumapili iliyofuata tukaambiwa tusalimiane, nikageuka, kumbe ni yeye amekaa nyuma yangu. Akasema, "Mungu akubariki, mzee." Mkono wangu ulikuwa mzito.

Sababu nilikuwa nayo. Wapangaji wawili wa kabila lake walihama usiku wakaniachia deni. Nikajiambia huu si ubaguzi, ni busara. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini Roho akaniuliza: na binamu yako, si alihama na deni la miezi minne? Mbona hukusema watu wa kwetu hawaaminiki? Ulisema tu, "Huyo ndivyo alivyo." Hapo nikaona ubovu wa hesabu yangu. Wa kwetu akikosa, amekosa peke yake. Wa kwao akikosa, kabila zima linalipa. Ezekieli 18 inafundisha kwamba hata mwana halipishwi dhambi ya baba yake. Sembuse deni la mtu ambaye hata hamjui!

Sasa mtu atasema, basi tusitazame kundi lolote, wote tuwatendee sawasawa. Polepole, ndugu. Katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia, "Sisi sote ni wamoja, acheni manung'uniko." Walikubali kwamba kuna kundi linaumia. Wakachaguliwa watu saba, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano, ni ya Kigiriki. Wao walitazama kundi ili aliyesahaulika apate chakula. Mimi nilitazama kundi ili nimfungie mtu mlango.

Hata sheria yetu inaijua tofauti hiyo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia au ulemavu. Kifungu hicho hicho kinaitaka serikali iwainue walioumizwa na ubaguzi wa zamani. Na sheria ya 2008 ya uwiano na utangamano, iliyotungwa baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Najua hata hiyo inaweza kumwumiza kijana aliyefuzu, akaambiwa watu wa kwao wametosha. Ndiyo maana kuhesabu makundi kunataka mkono mwangalifu.

Mimi nimebaki na kipimo kimoja. Kuna mama mjane kwenye ploti yangu anayelipa kodi tarehe 10, na wengine tarehe 5, kwa sababu mshahara wake huchelewa. Hiyo ni tofauti, lakini naweza kuieleza mbele ya wapangaji wote bila aibu. Ile ya jina la tatu sikuweza kumwambia hata kijana mwenyewe. Si ndiyo maana nilidanganya?

Nilimtafuta nikamwomba msamaha. Akanisamehe. Lakini alikuwa ameshapata nyumba mbali, na sasa anapanda matatu mbili kwenda kazini. Toba yangu haikumpunguzia nauli.

Mpendwa, wewe umeshika mlango gani? Ni kazi ya dukani? Ni posa ya binti yako? Ni kiti kwenye kamati ya kanisa? Kabla hujaufunga, jiulize kama unaweza kuitaja sababu yako kwa sauti, yule mtu akiwa amesimama mbele yako. Ukiona unatafuta uongo, jua kwamba haki imeshatoka humo nyumbani.